Kasumba ya Mwilini Haikuumbwa Itufurahishe

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye makutano ninayovuka kila siku kwenda kazini. Daladala ilimbana dereva wa bodaboda, kijana akarushwa, akatua kwa mkono. Kabla hatujamfikia alikwishainuka. Watu wawili wakamsaidia kuisimamisha pikipiki, akaisukuma hadi kando ya barabara kwa mkono mmoja bila kujiuliza kwa nini anatumia mmoja, akatia ufunguo mfukoni, kisha akamwendea konda kumdai fidia ya taa. Aligomba kwa mpangilio kabisa: bei ya taa, bei ya fundi, abiria atakaowakosa asubuhi hiyo. Mama ntilie wa pale ndiye aliyemkatisha: "Mwanangu, hebu utazame mkono wako." Ulikuwa umepinda kati ya kiwiko na kiganja, mahali pasipo na kiungo. Kijana akautazama, akaketi kwenye ukingo wa mtaro, akanyamaza. Zilipita kama dakika tano ndipo alipoanza kulia, na konda yule yule aliyekuwa akibishana naye akakimbia kumtafutia bajaji ya kumpeleka hospitali.

Nilipoisimulia habari hiyo ofisini nilijibiwa kwa neno moja: endofini. Neno hili limeenea mjini. Mkufunzi wa jimu anawahimiza watu waruke kamba "zitoke endofini". Ujumbe unaozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp unaziweka katika orodha ya homoni nne za furaha, pamoja na ushauri wa kula chokoleti. Sina ugomvi na chokoleti. Ugomvi wangu ni na hiyo furaha. Yule kijana hakuwa na furaha yoyote. Alikuwa na hasira na hesabu ya taa. Kilichomtokea ni kwamba habari ya mfupa uliovunjika ilikwamishwa njiani, na aliyeikwamisha ni mwili wake mwenyewe. Breki ilikanyagwa. Tukiendelea kuziita kemikali hizi za furaha tutazidi kukosea katika mambo mawili yanayoumiza watu hapa kwetu: namna tunavyowahukumu mateja, yaani waraibu wa heroini, na namna tunavyowanyima mofini wagonjwa wenye maumivu makali.

Kiswahili kina neno zuri la kuanzia. Kabla haijawa kasumba ya ukoloni midomoni mwa wanasiasa, kasumba ilikuwa afyuni, ule utomvu uliokaushwa wa tunda bichi la mpopi. Mwanzoni mwa karne ya 19 mfamasia wa Kijerumani, Friedrich Sertürner, aliichuja akapata kiini chake, akakipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wagiriki. Ndiyo mofini. Kwa zaidi ya miaka 150 madaktari waliitumia bila mtu kuweza kujibu swali la kitoto: ua la shambani limejuaje mahali pa kugusa ndani ya kichwa cha mtu?

Mwaka 1973 maabara tatu zilionyesha, kila moja kwa njia yake, kwamba ubongo una vipokezi vya mofini. Walikuwa Candace Pert na Solomon Snyder mjini Baltimore, Eric Simon mjini New York, na Lars Terenius mjini Uppsala, Sweden. Kipokezi ni protini iliyochomoza kwenye utando wa seli, mfano wa kitasa kinachosubiri ufunguo. Ugunduzi huo ulizidisha utata. Hakuna fundi anayetia kitasa mlangoni kwa kutarajia kwamba ipo siku atapita mgeni kutoka Uajemi mwenye ufunguo wake. Lazima ufunguo wa mwenyeji uwe humo humo ndani ya nyumba.

Fununu zilikuwapo. Mwaka 1969 David Reynolds alionyesha kwamba panya akitiwa umeme kidogo katika sehemu fulani ya katikati ya shina la ubongo, anaweza kupasuliwa tumbo akiwa macho bila kuonyesha kwamba anaumia. Baadaye Huda Akil, mzaliwa wa Syria aliyekuwa akisoma Los Angeles, aliona pamoja na wenzake kwamba ganzi hiyo ya umeme hupungua panya akipewa naloksoni, dawa inayoziba vipokezi vya mofini. Sasa kama panya hakupewa mofini, naloksoni ilikuwa ikizuia nini?

Jibu lilitoka Aberdeen, mji wa mawe ya kijivu kaskazini mwa Scotland. Hans Kosterlitz, aliyeihama Ujerumani ya Wanazi mwaka 1934, alikuwa amekwishavuka miaka 70, umri ambao wengi wetu tungekuwa tunafuatilia mafao. Mwenzake kijana, John Hughes, alikuwa akiamka alfajiri, anapanda baiskeli hadi machinjioni, na kwa chupa ya wiski wachinjaji wanampa vichwa vya nguruwe. Ubongo unasagwa, unachujwa, na kilichochujwa kinadondoshewa kipande cha utumbo wa simbilisi kilichotundikwa kwenye chombo chenye maji ya chumvi. Utumbo huo ukipitishiwa umeme hujikunyata; ukitiwa mofini hulegea, hujikunyata kwa uvivu. Hughes alitafuta kitu cha kwenye ubongo kinachoulegeza utumbo vile vile, na kinachoshindwa kuulegeza naloksoni ikitangulia. (Huo utumbo uwekeni akiba, nitaurudia.)

Desemba 1975 walitangaza walichokipata: peptidi mbili, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, vile vijenzi vya protini, kila moja ikiwa na asidi amino tano tu. Insulini, ambayo nayo tunaiona ni ndogo, ina 51. Nne za mwanzo ni zile zile kwa zote mbili: tairosini, glaisini, glaisini, fenilalanini. Ya tano ni methionini kwa moja na lusini kwa nyingine. Waliziita enkefalini, neno la Kigiriki lenye maana ya "zilizomo kichwani".

Halafu kuna kisa cha ngamia, ambacho nakipenda kuliko vyote. Mjini San Francisco alikuwako Choh Hao Li, bingwa wa tezi ya pituitari, ile tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Miaka ya nyuma alikuwa amepata tezi za ngamia kutoka Iraki, akitafuta ndani yake homoni inayohusika na mafuta ya mwili. Hakuipata nzima, alipata kipande chake chenye asidi amino 31, akakihifadhi. Habari za Aberdeen zilipomfikia alikiangalia upya. Kumbe kipande chenyewe kinaanza na zile tano za enkefalini, moja baada ya nyingine, na kikiingizwa kwenye ubongo wa mnyama kinatuliza maumivu kuliko mofini. Mwaka 1976 akakitangaza kwa jina la beta-endofini, yaani mofini ya ndani. Kwa hiyo ile endofini ya kwenye mabango ya jimu ilijulikana kupitia vichwa vya ngamia. Mwaka 1979 Avram Goldstein wa Chuo Kikuu cha Stanford akaongeza ya tatu katika ukoo huo, dainofini, iliyopewa jina hilo kwa sababu ya nguvu zake. Tuzo ya Lasker ya 1978, tuzo kubwa ya Marekani ya utafiti wa tiba, walipewa Hughes, Kosterlitz na Snyder. Pert, aliyeifanya kazi ya vipokezi kwa mikono yake akiwa bado mwanafunzi, aliachwa. Hakunyamaza, na alikuwa na haki ya kutonyamaza.

Twende kwenye breki yenyewe. Ukikanyaga msumari, neva ya unyayoni hupeleka habari hadi ndani ya uti wa mgongo, na hapo huikabidhi kwa neva ya pili inayopanda ubongoni. Makabidhiano hufanyika kwa kemikali. Kwenye ncha ya neva ya kwanza vijilango vya kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia, vifuko humwaga glutamati na substansi P, na neva ya pili husisimka. Pembeni wako walinzi, vijineva vifupi vilivyobeba enkefalini. Wakiamshwa, enkefalini hutua pande zote mbili za makabidhiano hayo. Kwa neva ya kwanza hufunga vijilango vya kalsiamu, mzigo usimwagwe. Kwa neva ya pili hufungua vijilango vya potasiamu, potasiamu ikatoka, na seli ikawa nzito kuamka. Mwenye kuukanyaga mfumo huu anakaa juu, kwenye shina la ubongo, pale pale Reynolds alipotia umeme wake. Amri hushuka kutoka huko hadi mgongoni. Neva za mkono wa yule kijana zilipiga kelele kama kawaida. Kelele ziliishia mlangoni.

Sifa nyingine ya breki hii ni kwamba haidumu. Enkefalini ikishamwagwa, vimeng'enya vinaikatakata ndani ya muda mfupi sana. Inafanya kazi mahali ilipomwagwa, kisha inakwisha. Hili tutalihitaji tukifika kwa mateja.

David Livingstone alishikwa na simba huko Mabotsa, Afrika Kusini, mwaka 1844. Aliandika baadaye kwamba simba alipomtikisa alipatwa na hali kama ya usingizi, hana maumivu wala hofu, ingawa aliona kila kinachotendeka. Mfupa wa mkono wake wa kushoto ulisagika. Mwaka 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba mwili wake kutoka kijiji cha Chitambo hadi Bagamoyo, na ukasafirishwa kutoka hapo, ni mfupa huo huo uliowathibitishia madaktari wa London kwamba maiti ni yake. Livingstone aliamini kwamba ganzi ile ni rehema ya Muumba kwa kiumbe kinachouawa. Mimi naiona kuwa rehema kwa kiumbe ambacho bado kinaweza kutoroka. Swala akisimama kulilia mguu wake, ameliwa. Akikimbia kwanza, atalia kesho. Ndiyo maana breki huachiwa hatari ikipita, na maumivu yanarudi kumlazimisha aliyeumia alale na asiutumie mkono. Enkefalini na endofini si peke yake katika kazi hiyo, mwili una pia kemikali zake zinazofanana na za bangi, lakini mpango ni ule ule.

Na breki ikigandamana? Kuna watu wachache duniani wanaozaliwa bila kuhisi maumivu kwa sababu ya hitilafu katika jeni iitwayo SCN9A, inayotengeneza vijilango vya sodiamu vya neva za maumivu. Mwaka 2015 watafiti wa London walionyesha kwamba panya wenye hitilafu hiyo wana enkefalini kupita kiasi. Walipompa naloksoni mwanamke mmoja mwenye hali hiyo, alihisi kwa mara ya kwanza maishani mwake mchomo wa joto wa mashine ya maabara. Msomaji anaweza kudhani mtu wa namna hiyo ana raha. Watu hawa hujing'ata ndimi utotoni, hutembelea miguu iliyovunjika, huungua jikoni wakigundua kwa harufu.

Sasa turudi kwenye furaha. Siwezi kusema kwamba opioidi za mwili, yaani hizi kemikali za ukoo wa mofini, hazihusiki nayo kabisa, ningekuwa mwongo. Vipokezi vyake ni vya aina tatu kuu, myu, delta na kapa, na myu ndiyo inayopokea mofini zaidi. Ndani kabisa ya ubongo ziko seli zinazotoa dopamini, kemikali ya hamu na motisha, na seli hizo hushikiliwa na seli nyingine zinazozikandamiza zisilipuke ovyo. Opioidi zikitua kwa hawa wanaokandamiza, huwapoza. Waliokuwa wamekandamizwa wakafunguka. Tazama vizuri kilichofanyika hapo: breki imekanyaga breki nyingine. Hata furaha yenyewe, ikija kwa njia hii, imekuja kwa kuzuia kitu.

Dainofini inapendelea kapa, na hapo ndipo orodha ya WhatsApp inapovunjika. Mwaka 1986 watafiti wa Ujerumani waliwapa vijana wenye afya dawa inayoamsha kapa. Hawakucheka. Walipata dhiki ya moyo, na kwa dozi kubwa wakaanza kuona mambo yasiyokuwapo na kujihisi kama si wao. Dainofini hupunguza mmiminiko wa dopamini, na ubongo ulioandamwa na msongo wa muda mrefu huitumia sana. Ni ndugu wa damu wa enkefalini, ina zile asidi amino tano mwanzoni mwake, hutoka kwenye protini iliyo pacha wa ile ya enkefalini, nayo kazi yake ni kukuambia toka hapa, acha hicho, huna hamu. Mkufunzi wa jimu hajawahi kuitaja.

Na huo uchangamfu wa wakimbiaji ambao wote tumeaminishwa kuwa ni endofini? Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani waliwapiga picha za ubongo wanariadha 10 baada ya kukimbia saa mbili, wakaona dalili kwamba opioidi zilikuwa zimemwagwa. Ushahidi mzuri, mpaka wenzao walipofanya jaribio la kuvizuia vipokezi. Mwaka 2021 watu zaidi ya 60 walikimbia baada ya kumeza ama kidonge kisicho na dawa ama naltreksoni inayoziba vipokezi vya opioidi. Waliozibwa nao walichangamka, na wasiwasi wao ulipungua vile vile. Zile za mfano wa bangi ndizo zinazoshukiwa sasa. Na ile beta-endofini inayopanda kwenye damu ya mkimbiaji haivuki kirahisi ukuta ulio kati ya damu na ubongo. Kuipima mkononi na kutangaza furaha kichwani ni kama kupima maji ya kisima cha jirani. Wanaofanya mazoezi Iten, mji wa wakimbiaji nchini Kenya, kila alfajiri wana sababu nyingi za kukimbia, na hawahitaji ya uongo.

Breki hii imetumika tena kwenye mambo ya jamii, nitayapita haraka ingawa yanastahili makala yake. Vitoto vya panya visivyo na kipokezi cha myu, watafiti wa Italia waliona mwaka 2004, havilii sana vikitenganishwa na mama yao. Maana yake kutengana ni maumivu, na kukumbatiwa ni kutuliza. Kucheka pamoja nako humwaga opioidi ubongoni. Wafini walilionyesha hilo kwa picha mwaka 2017. Panya wajawazito ustahimilivu wao wa maumivu hupanda kadiri siku za kuzaa zinavyokaribia, na hushuka wakizibwa vipokezi. Wakunga na makungwi hawakuhitaji maabara kujua kwamba mama mwenye uchungu asiachwe peke yake chumbani.

Nisilolipita haraka ni imani. Mwaka 1978, mjini San Francisco, Jon Levine na wenzake waliwafuata watu waliong'olewa meno. Baadhi yao walidungwa sindano isiyo na dawa, na kuna waliopata nafuu kwa kuamini tu. Kisha wakapewa naloksoni bila kuambiwa ni nini, na maumivu yao yakapanda. Nafuu ya imani ilikuwa na kemikali, na kemikali hiyo ilizibika. Kwa hiyo mtu akikwambia maumivu yake yalipungua baada ya kusomewa au kutibiwa na mtu anayemwamini, usimcheke: huenda breki yake ilikanyagwa kweli.

Nawaza Loliondo kila ninaposoma habari hiyo. Mwaka 2011 foleni ya magari kuelekea kijiji cha Samunge ilihesabiwa kwa kilomita, na kikombe cha dawa ya mitishamba cha Babu, mchungaji mstaafu wa pale, kilikuwa shilingi 500. Watu walirudi wakisema mgongo umeachia, magoti yamekuwa mepesi. Tuliokuwa tukiwabeza tulikosea katika hilo, kwa sababu maumivu ya goti yanaweza kutulizwa na safari ndefu, umati, sala na matumaini, yote yakipitia njia ile ile ya shina la ubongo. Waliokosea vibaya zaidi ni walioamini kwamba kitu hicho hicho kitaua virusi, wakaacha dawa zao za kufubaza. Virusi vya Ukimwi havina habari na enkefalini. Nafuu si kupona, na laiti tungeijua mapema tofauti hiyo kwa lugha ya mwili, tungezika wachache.

Sasa mateja. Enkefalini, nimesema, humwagwa mahali pamoja, kisha hukatwa. Heroini haina mahali. Ikiingia kwenye mshipa inafika ubongoni kwa sekunde, inageuka mofini, na inatua kwenye kila kipokezi cha myu kilichopo: cha maumivu, cha dopamini, cha utumbo, cha seli zinazoendesha pumzi. Mwaka 2018 watafiti wa California walionyesha jambo lililonishangaza zaidi: peptidi za mwili huamsha vipokezi kwenye utando wa seli na kwenye vifuko vinavyomezwa kutoka kwenye utando huo, lakini mofini hupenya hadi ndani kabisa na kuamsha vipokezi vilivyoko kwenye vifaa vya Golgi, karakana ya seli inayofungasha protini, mahali ambapo peptidi hazifiki. Ule ufunguo wa mgeni unafungua na vyumba ambavyo mwenyeji mwenyewe haviingii.

Seli haikai tu ikatazama. Ikikandamizwa kila siku, inajenga mitambo zaidi ya kuisukuma mbele, kama dereva anayeongeza mafuta kwa sababu gari ni zito, hajui kwamba kuna mguu wa mtu mwingine kwenye breki. Sasa uondoe huo mguu ghafla. Hiyo ndiyo arosto. Kijisehemu cha shina la ubongo kinachotoa noradrenalini, kemikali ya kuuamsha na kuushtua mwili, kilichokuwa kimebanwa miezi yote hiyo, kinalipuka. Machozi, miayo, vipele vya baridi, jasho, tumbo la kuharisha, mifupa inayouma kila mmoja kwa jina lake. Kila alichokizuia unga kinarudi kwa riba. Na breki za mwili mwenyewe zimechakaa kwa kutotumika, hazimshiki, wakati dainofini imepanda, inamwambia kila dakika kwamba hakuna jema duniani. Mtu aliye katika hali hiyo ukimwambia aache starehe, unazungumzia kitu ambacho hakuwa nacho tangu mwaka juzi. Hatafuti furaha. Anatafuta kusimama.

Ndiyo maana naitetea methadoni mbele ya mtu yeyote anayesema serikali inawanunulia mateja ulevi. Huduma ilianza Muhimbili mwaka 2011. Mgonjwa anakuja kila siku, anakunywa kikombe chake mbele ya mhudumu, anaondoka. Methadoni inakaa kwenye kipokezi cha myu kwa muda mrefu, haipandi kwa kishindo wala kushuka kwa kishindo, na seli inapata siku nzima ya utulivu. Kwa siku hiyo mtu anaweza kufua nguo, kutafuta kibarua, kumrudia mama yake bila kuiba sufuria. Tunaowaona wamepanga foleni asubuhi na kuwaita wavivu, wengine wameshapanda daladala mbili kufika pale.

Kwa upande wa pili wa kosa lile lile wako wagonjwa wetu wa saratani. Uganda imetutangulia. Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993 na Dkt. Anne Merriman, na msingi wa kazi yake ulikuwa mofini ya maji, ya kunywa, ya bei ya chini. Mwaka 2004 nchi hiyo ikaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, waandike mofini wenyewe, wasimsubiri daktari ambaye wilayani hayupo. Kwetu Tanzania pia ipo, wala haikatazwi. Kinachokwamisha mara nyingi ni hofu iliyokaa vichwani, kasumba ya aina ile nyingine.

Shangazi yangu aliumwa saratani ya mlango wa kizazi. Hospitali tuliyoanzia, mhudumu mmoja alitupa panadoli na kutuonya kwa nia njema kabisa: mofini mtamzoesha, na pia itamkatisha pumzi. Wiki tatu shangazi hakulala chali. Alikuwa amepiga magoti kitandani, ameegemeza kichwa ukutani, anauma ncha ya kanga. Hofu ya pumzi si ya uongo. Ikitiwa nyingi kwa ghafla mofini huua kwa kuzima seli za kupumua, na ndivyo mateja wengi wanavyokufa. Lakini dozi ya mgonjwa inaanzia chini na kupandishwa kidogo kidogo, na anapewa mtu ambaye breki yake mwenyewe imekwishashindwa mteremko. Ukimwazima breki mwenye kuhitaji breki, humwendeshi kwenye ulevi.

Muuguzi wa tiba shufaa alikuja nyumbani siku ya Jumanne na chupa ya plastiki yenye maji ya rangi. Akatufundisha kuvuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kila baada ya saa nne, na usiku tusimruke. Akatoa na dawa ya choo. Binamu yangu akauliza ya nini, mgonjwa hana tatizo la choo. "Atakuwa nalo," akasema. "Mofini inalaza utumbo. Mpeni hiki kila siku, na papai, msisahau papai."

Ni ule utumbo wa simbilisi. Vipokezi vya myu vimejaa kwenye kuta za matumbo yetu, na mofini inayokwenda kuzuia habari za maumivu inapita pia huko na kulegeza. Loperamaidi, kile kidonge cha kuzuia kuharisha kinachouzwa katika kila duka la dawa, ni binamu wa mofini anayefanya kazi tumboni tu kwa sababu anafukuzwa kwenye mlango wa ubongo. Kilichomsaidia Hughes kuitambua enkefalini alfajiri zile za Aberdeen ndicho muuguzi wetu alichokuwa akikiwekea tahadhari kwa papai.

Usiku ule shangazi alilala chali. Asubuhi niliingia na uji nikamkuta ameketi, kanga ameifunga vizuri, anatazama sahani iliyokuwa mezani.

"Jana kulikuwa na papai zima hapa," akasema. "Nani kalimaliza?"